Wachukue wote watatu

Rafiki yangu mpendwa,

Hujambo? Na wa nyumbani hawajambo? Sisi huku wazima. Barua yako niliipata jana nikaisoma mara mbili, hasa pale unaposema wale wahasibu watatu waliofanya kazi pamoja miaka minane wote wanataka kuhama, nawe unakusudia kumchukua mmoja tu, yule hodari zaidi. Nakusihi usifanye hivyo. Wachukue wote watatu.

Kosa hilo nililifanya mimi. Nilimtoa dada mmoja kwenye kikundi cha watu wanne, na sifa zake zilikuwa za kweli. Mwezi wa kwanza wa kufunga hesabu niliketi meza ya jirani. Kila akimaliza ukurasa aliusogeza kushoto kwa kiganja bila kuinua macho, kisha akaanza mwingine. Kushoto hakukuwa na mtu. Kule alikotoka aliketi mwenzake wa kukagua jumla zake, na mkono ulikuwa haujasahau. Karatasi zikarundikana ukingoni mwa meza mpaka moja ikaanguka. Aliiokota, akaitazama, akaniambia, "Sikujua kama nilikuwa namtegemea kiasi hiki." Makosa ya mwezi ule hayakutokana na uvivu wala kutojua kazi. Aliondoka kabla ya mwaka kwisha, na lawama naibeba mimi niliyemtenga na wenzake.

Na si mimi tu niliyeyaona haya. Boris Groysberg, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, na wenzake waliwafuatilia wachambuzi wa hisa mashuhuri zaidi ya 1,000 wa Wall Street, kitovu cha fedha cha New York, kati ya 1988 na 1996. Wengi waliohamia kampuni nyingine kazi yao ilishuka, lakini waliohama pamoja na wenzao walihimili vizuri zaidi. Watafiti Robert Huckman na Gary Pisano nao waliwachunguza madaktari wa upasuaji wa moyo wanaofanya kazi katika hospitali zaidi ya moja. Daktari alivyozidi kupasua katika hospitali fulani, wagonjwa wake wa pale walipata matokeo bora, ila ubora huo haukumfuata hospitali ya pili. Mikono ni ileile, jamani! Mwaka 2016 Stripe, kampuni ya Marekani ya malipo ya mtandaoni, iliamua kupokea maombi ya kazi ya timu nzima, watu wawili hadi watano kwa pamoja.

Kwa hiyo kwenye usaili wape kazi halisi waifanye pamoja, nawe utazame tu: nani anamsahihisha nani, na anayesahihishwa anapokeaje. Halafu zungumza na kila mmoja peke yake. Huenda yupo anayebebwa, au anayemwogopa mkubwa wao, na hayo hayasemwi mbele ya wenzake. Kila mmoja awe na mkataba wake na mshahara wake. Wakishaingia usiwatawanye, mmoja kwenye mishahara, mwingine ghalani, maana hapo utakuwa umerudia kosa langu kwa gharama mara tatu.

Mikataba yao ya sasa mwanasheria aisome kwanza. Mingi hukataza mtu kuwashawishi wenzake au wateja wahame naye, kwa hiyo usimtume yule hodari akuletee wengine. Ongea na kila mmoja wewe mwenyewe.

Hofu yako kwamba waliokuja pamoja wataondoka pamoja ni ya haki, siipuuzi. Ila mimi ningemhofia zaidi mhasibu wako wa siku nyingi. Akiwaona watatu wanaingia mlangoni wakicheka mambo ya kwao, atajiona mgeni kwenye ofisi yake. Mwambie mapema, kwa kinywa chako, na mmoja wa hao watatu akae naye tangu siku ya kwanza.

Usaili wa Alhamisi uahirishe, uwaite wote siku moja. Kisha niandikie walivyoketi: nani alikaa kushoto kwa nani.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa siku zote