Mafuta ya Iraq: ulizeni daftari liko kwa nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Morogoro, aliyeandika wiki jana kwamba Marekani iliingia Iraq mwaka 2003 ili ichote mafuta, na kwamba tangu siku hiyo meli zake zinapakia bure pale Basra. Uchungu wake naukubali. Vita vile hata mimi sijapata kuvisamehe. Ila nimefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu miaka 34, mingi kati ya hiyo nikizunguka kwenye bohari za mafuta, na najua kwamba mali ya mafuta haipotei kwa njia anayoieleza. Tukishughulika na kumtafuta mwizi mwenye ndoo, mwenye kalamu atapita mbele yetu na tutamwamkia.

Nieleze nilikojifunzia. Mwaka 1987, kijana bado, nilitumwa kukagua bohari ya kampuni moja ya kigeni hapa pwani. Kazi ya asubuhi ilikuwa ya mikono. Unapanda ngazi ya tangi kabla jua halijawa kali, unafungua kifuniko, unapaka dawa kwenye utepe wa chuma, unauteremsha polepole mpaka timazi ya shaba iguse chini, kisha unauvuta. Dawa ilipogeuka rangi, hapo ndipo kina cha mafuta. Unasoma mara mbili, unaandika, halafu unapima joto, maana petroli hutanuka. Tangi lenye lita 1,000,000 likiongezeka joto nyuzi 10, zinazaliwa lita kama 10,000 ambazo hakuna aliyezileta, na likipoa zinatoweka na hakuna aliyezichukua. Kwa hiyo kila lita huandikwa kwa kipimo kimoja cha joto kilichokubaliwa, na mwenye jedwali la masahihisho ndiye anayesema tangi lina nini.

Vipimo vyangu vilioana na vyao, hata lita za kugombania hazikuwepo. Kisha nikaomba leja ya gharama: bei waliyonunulia, nauli ya meli, bima, na ile ada ya usimamizi ambayo kampuni mama ilikuwa ikiwakata kila mwezi. Meneja, mtu mstaarabu aliyekwisha kuniagizia chai, akasema, "Kijana wangu, daftari hilo haliko hapa. Liko makao makuu, Ulaya." Niliandika barua tatu. Baada ya miezi mitano likaja jibu la ukurasa mmoja, jumla tupu, bila hati hata moja ya kuthibitisha. Faida iliyobaki ya kutozwa kodi nchini ilikuwa ndogo mno kwa biashara kubwa kama ile. Tone la mafuta halikuibwa katika tangi lile. Nililipima kwa mikono yangu.

Miaka baadaye nilipoanza kusoma habari za Iran niliona nasoma leja ileile. Mkataba wa kwanza aliupata Mwingereza William Knox D'Arcy mwaka 1901: miaka 60, karibu nchi nzima isipokuwa mikoa mitano ya kaskazini, na Iran ipate asilimia 16 ya faida halisi. Mkaguzi akiona maneno hayo mawili, faida halisi, anauliza papo hapo nani anayeihesabu. Ilihesabiwa London. Mwaka 1914 serikali ya Uingereza, kwa msukumo wa Winston Churchill aliyetaka manowari zitumie mafuta badala ya makaa ya mawe, ikanunua zaidi ya nusu ya hisa za kampuni ya Kiingereza iliyoushika mkataba ule. Basi mnunuzi mkubwa, mtoza kodi na mwenye hisa akawa mtu mmoja. Mkataba mpya wa 1933 ukaweka malipo ya shilingi nne za Kiingereza kwa kila tani pamoja na fungu la gawio la wenye hisa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipobana magawio ya kampuni zake kwa sababu za uchumi wake yenyewe, fungu la Iran likabanwa nalo, na Tehran haikuulizwa. Mwaka 1947 kampuni ilitangaza faida ya pauni milioni 40 baada ya kodi, Iran ikapata pauni milioni 7. Wafanyakazi wa Abadan, penye kiwanda cha kusafisha mafuta kikubwa kuliko vyote duniani wakati ule, wengine walikuwa wakilala katika mtaa wa mabanda ulioitwa Kaghazabad, yaani mji wa karatasi, bila maji wala umeme.

Desemba 1950 jirani yao Saudi Arabia akakubaliana na Aramco, kampuni ya Wamarekani iliyochimba mafuta yake, kugawana faida nusu kwa nusu. Katika madai ambayo Iran iliipelekea kampuni kabla mambo hayajaharibika kulikuwa na hili, na mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote: wahasibu wa Iran waruhusiwe kuvifungua vitabu. Wakakataliwa. Machi 1951 Bunge likapiga kura kuyataifisha mafuta, na mwishoni mwa Aprili Mohammad Mossadegh akawa Waziri Mkuu. Watu husahau kwamba sheria ile ilitenga asilimia 25 ya mapato ili ilipwe fidia ya kampuni. Mtu anayekuibia hatengi fungu la kukulipa.

Jibu la Uingereza lilianzia kwenye akaunti. Fedha za Iran zilizokuwa London zikazuiwa, sukari na chuma vikakatazwa kupelekwa huko, wanunuzi wa mafuta wakatishiwa mahakama. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia wa majahazi, alikuwa Aden katikati ya mwaka 1952. Walikwisha kushusha boriti na kusi kali ilikuwa imewafungia bahari, wakawa wanangoja tu. Hapo ndipo ilipoletwa meli ya Rose Mary, yenye mafuta ya Iran tumboni, ikiwa imeelekezwa bandarini na Waingereza. Alikuwa akituhadithia barazani jinsi makuli walivyokaa ufukweni jioni wakiitazama na kubishana: mwenye kisima ameuza, mnunuzi amelipa, meli imekamatwa kwa kosa gani? Januari 1953 mahakama ya Aden, koloni la Uingereza, ikaamua kwamba mzigo ule ni mali ya kampuni. Baada ya hapo wachache walithubutu kupeleka meli Abadan. Visima vya Iran havikuguswa, mafuta yalikuwa tele, na serikali haikuwa na mshahara wa kulipa watu wake.

Mapinduzi ya 19 Agosti 1953 yaliyomwangusha Mossadegh yanajulikana. Yalipangwa na majasusi wa Marekani na Uingereza. CIA wenyewe walikuja kukiri kwa maandishi mwaka 2013. Mossadegh alifungwa miaka mitatu, kisha akafungiwa kijijini kwake Ahmadabad mpaka alipofariki mwaka 1967. Ninachotaka msomaji mwenzangu akitazame ni mkataba wa mwaka uliofuata, 1954. Kampuni ya zamani, ambayo sasa iliitwa BP, ilibaki na asilimia 40, kampuni za Marekani zikapata 40, Shell 14 na Wafaransa 6. Mafuta kwa maandishi yalikuwa ya Iran. Faida ikagawanywa nusu kwa nusu, jambo ambalo miaka minne kabla lingewatuliza watu wote. Lakini muungano ule wa kampuni haukukubali wakaguzi wa Iran wafungue vitabu vyake, wala Muirani aketi kwenye bodi yake. Nusu walitoa, daftari hawakulitoa. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilikumbuka chai ya yule meneja, nikafunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Sasa Iraq. Si kweli kwamba meli zinapakia bure. Katika mnada wa Juni 2009 eneo kubwa la visima la Rumaila lilichukuliwa na BP pamoja na CNPC ya China kwa malipo ya dola 2 kwa kila pipa la ziada watakalotoa, na mafuta yenyewe yakabaki ya serikali ya Iraq. Desemba mwaka huohuo Lukoil ya Urusi ikapata eneo jingine la visima, West Qurna 2. Wanunuzi wakubwa leo ni China na India, na wanalipa. Anayetafuta wizi gatini Basra atarudi mikono mitupu.

Pesa zinalipwa wapi? Mei 2003, kwa Azimio namba 1483 la Baraza la Usalama, mapato ya mafuta ya Iraq yaliwekwa katika mfuko maalumu, akaunti yake ikiwa Benki Kuu ya Marekani, ofisi ya New York, na mwenye kutoa idhini ya matumizi akiwa utawala wa wavamizi. Kutoka hapo ziliondoka ndege zenye noti, nyingi za dola 100, zimefungwa kwa plastiki na kupangwa juu ya mbao kama mifuko ya saruji. Bunge la Marekani lilipofanya hesabu mwaka 2007 lilikuta ni karibu dola bilioni 12, noti milioni 281, uzito wa tani 363. Mkaguzi Mkuu wa Marekani aliyesimamia ujenzi mpya wa Iraq aliripoti Januari 2005 kwamba dola bilioni 8.8 za mfuko huo, zilizopitishwa kwa wizara za Iraq, hazikuwa na hesabu ya kuridhisha. Kusema kwamba zote ziliibwa ni kusema zaidi ya ripoti. Hazikuwa na hesabu ya kuridhisha, na kwa mtu wa kazi yangu hilo ni zito kuliko wizi, kwa kuwa wizi una mshtakiwa. Ripoti za bodi ya kimataifa iliyokagua mfuko huo zilisema na jambo la kunitoa machozi mimi mpanda ngazi za matangi: mafuta yaliyokuwa yakichimbwa na kusafirishwa hayakuwa yakipimwa kwa mita za kutosheleza. Nchi ilikuwa imejaa wanajeshi kutoka mabara kadhaa, na mita za kutosha hazikuwepo.

Mpangilio ule haukuondoka na wanajeshi. Mpaka leo dola za mafuta ya Iraq zinapitia akaunti ya New York. Januari 2020, baada ya jenerali wa Iran Qassem Soleimani kuuawa Baghdad, Bunge la Iraq lilipiga kura kutaka majeshi ya kigeni yaondoke. Siku chache baadaye iliripotiwa kwamba Washington imeionya serikali ya Iraq kuwa inaweza kukosa kuifikia akaunti hiyo. Majeshi yakabaki. Mjomba angeitambua Rose Mary mara moja, ila safari hii hapakuhitajika hata meli ya kukamata.

Niseme na upande wa pili, kwa kuwa ukaguzi wa upande mmoja si ukaguzi. Saddam Hussein mwenyewe aliivamia Kuwait mwaka 1990, ugomvi wa mafuta na madeni ukiwa ndani yake, na Wairaqi wakalipa fidia ya dola bilioni 52.4 kutoka kwenye mafuta yao mpaka walipomaliza mapema mwaka 2022. Na kati ya Septemba 2021 na Agosti 2022 dola bilioni 2.5 za amana za kodi zilichotwa kutoka benki ya serikali kwa hundi zilizolipwa kwa kampuni za mfukoni, kazi ya Wairaqi, mchana kweupe. Daftari likishazoea kukaa gizani, hata wenyeji hulifurahia giza hilo.

Mhariri, nayaandika haya nikiwa Tanga. Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa Chongoleani, ng'ambo ya ghuba, na matangi yake nayaona nikienda kununua samaki. Vijana wa mtaani wananiuliza: mzee, si wageni wataleta vita kwa ajili ya mafuta? Nawajibu kwamba mafuta yenyewe ni ya Uganda, sisi tunapitisha. Halafu nawauliza yangu. Mita ya kupakilia meli itakaguliwa na nani, na muhuri wake utawekwa na nani? Gharama za ujenzi, ambazo zitarudishwa kabla faida haijaonekana, zimeandikwa katika leja iliyoko mji gani? Mkaguzi wetu Mkuu wa Hesabu ataruhusiwa kufungua hati moja moja, au ataletewa ukurasa mmoja wa jumla?

Ningeomba gazeti lenu liulize hayo kwa sauti, wakati bado majibu yanaweza kubadilisha kitu. Na itakapopakiwa meli ya kwanza, pamoja na picha za viongozi na utepe wa kukatwa, mtume mwandishi mmoja aende chumba cha mita, asimame kwa anayesoma namba, aandike ni nani aliyetia saini upande wetu. Kama hajui inavyosomwa, aje kwangu kabla ya siku hiyo. Utepe wangu wa kupimia bado ninao, timazi yake ya shaba imelika ncha, na nitamfundisha bila malipo.

Wako,
Mkaguzi wa hesabu mstaafu,
Ngamiani, Tanga