Vitenzi vya Kiingereza na vihusishi vyake

Habari za jioni wanakikundi. Kwenye sentensi zenu, kosa la "explain me" limejirudia mno. Chanzo ni Kiswahili chetu: katika "nifafanulie", mtendewa na uhusiano wote vimo ndani ya kitenzi. Kiingereza huvitoa nje, uhusiano ukibebwa na kihusishi (neno dogo kama "to" au "for"): "Explain it to me." Vivyo hivyo "nisikilize" ni "listen to me", na "nisubiri" ni "wait for me". "Discuss" ni kinyume, hakitaki "about": "We discussed the plan."

Baada ya kihusishi, kitenzi huchukua -ing. Wengi hunaswa na "look forward to", kwa sababu "to" hiyo ni kihusishi kamili: "I look forward to seeing you", si "see you".

Tumeni sentensi 3 kabla ya saa 3 usiku, tafadhali.