Barua ya wazi kwa Afisa Mazingira wa wilaya: greda lisimame mpaka mvua inyeshe

Mheshimiwa, salamu na pole na kazi. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu mbili za ofisini hazijajibiwa, ile ya pili hata ilipigwa muhuri, na sasa Jumanne asubuhi greda la machimbo ya marumaru limeingia kilimani likaangusha miti upande wote wa chini.

Mimi nafuga nyuki hapa Karamoja, Uganda, karo ya watoto wangu watatu inatoka kwenye asali. Huo mti wanaoukata mimi nauita mti wa karoti maana ukiponda jani lake linanukia karoti kabisa, wataalamu wanauita Steganotaenia araliacea na kweli ni wa familia moja na karoti na dania. Kiangazi unapukutisha majani yote, gome linabanduka kama karatasi, ukiuona utasema umeshakufa. Halafu kabla mvua haijaanza, bila jani hata moja, unatoa vishada vya maua madogo meupe na nyuki wanajaa pale mpaka unawasikia kutoka njiani. Nilikuwa na mizinga 14, leo yenye nyuki ni 5, nadhani ni vumbi la machimbo na hiyo miti waliyoanza kukata mwaka jana, labda na ukame umechangia.

Ripoti ya machimbo waliyotusomea inasema kilimani kuna vichaka vikavu tu. Mheshimiwa, hao walioiandika walikuja Desemba, siku moja, wakapiga picha wakaenda zao! Desemba huku utaona nini?

Huu mti una ndugu yake mbali sana, jangwa la Mojave kule California, anaitwa Cymopterus deserticola, kimmea cha maua ya zambarau kinachoota mchangani chini chini, na duniani hakipatikani kwingine. Mwaka ambao mvua imekosa hakitokezi, mzizi unabaki chini ya mchanga unangoja. Kwa hiyo watu wa mimea wanakitafuta wakati wa maua, Machi mpaka Mei, na mwaka wa ukame wasipokiona hawasemi hakipo. Hata ndani ya Edwards, kambi ya ndege za jeshi, wameenda kukihesabu. Jeshi limekubali, sembuse machimbo yetu?

Na wewe ulishakubali hilo. Mwaka jana barazani, chini ya mkwaju, ulisema mbele ya wazee kwamba kazi haitaanza mpaka wataalamu warudi wakati wa mvua. Katibu wa LC1, baraza letu la kijiji, aliandika, juzi nimeenda kukisoma kile kitabu na maneno yako yapo. Mama yangu alisimama kukushukuru, sasa ananiuliza kila jioni yule afisa amesemaje, na mimi sina cha kumjibu. Sheria ya Mazingira ya 2019 unaijua kuliko mimi.

Sipingi marumaru, vijana wetu wanapata kibarua pale. Naomba greda lisimame mpaka mvua inyeshe, basi. Upande wa juu imebaki miti kama 30 na wiki hii imeanza kuchanua, njoo uione mwenyewe, hata nusu saa, lakini greda lisimame. Dereva ameniambia Jumatatu anarudi. Nitakuwa kilimani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi nakusubiri.