Wa Uppsala, kabla hamjafunga mabegi
Habari za jioni wapendwa. Mnaokwenda kusoma Uppsala, Sweden, Januari kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, kibali cha kuishi kinaombwa Migrationsverket, yaani idara ya uhamiaji ya Sweden, kabla ya kusafiri, na hakizidi muda wa pasipoti. Kwa hiyo kagueni pasipoti leo, si kesho. Ada ya masomo kule hamlipi, ila chakula na chumba ni juu yenu, na chumba ndicho kinachoumiza kichwa, ombeni mapema. Noti msibebe nyingi, Waswidi hulipa kwa kadi hata pipi moja. Giza nalo msilichukulie poa: mwanzoni mwa Januari jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi, na saa tisa alasiri limeshazama. Koti zito nunueni hukohuko, la mtumba linatosha kabisa. Ambaye hajanitumia nakala ya barua ya udahili, anitumie pembeni, si humu.