Mbwa wa miguu mitatu naye hufugwa

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee mbwa vilema. Wangu nilimwokota Mwaloni, Kirumba, chini ya vichanja vya dagaa, mguu wa nyuma umesagwa na bodaboda. Daktari wa mifugo akaukata. Majirani wakacheka: miguu mitatu itamkimbiza mwizi gani? Sasa anaruka mawe ya Bugarika kama pimbi, na usiku hapiti mtu bila kubwekewa.

Kazi ipo, sifichi. Mapanki, yaani mabaki ya sangara ninayomlisha, nayachambua miba kwanza, kigutu nakipaka mafuta kisichubuke, na chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka.

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Halmashauri iitumie kuwachanja mbwa wazururaji na kuwatafutia wa kuwafuga, si kuwawinda kwa risasi.

Msomaji wako,
Bugarika, Mwanza