Somo la anga lianzie mlangoni kwa mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyowafundisha watoto wa shule za msingi habari za dunia na anga. Nilifundisha jiografia na sayansi hapa Pangani hadi nilipostaafu, na sasa nawasimamia wajukuu wangu kazi za shule, kwa hiyo jambo hili naliona kila jioni.

Mtoto wa darasa la tano anakuimbia sayari zote nane bila kukwama: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. Anajua Jua ni nyota, na kwamba limo katika galaksi ya Njia Nyeupe. Muulize kata yao inaitwaje, anakukodolea macho. Muulize Mto Pangani, tunaouvuka kwa pantoni kwenda Bweni ng'ambo ya pili, unatoka wapi, anakujibu "kule juu". Niliwahi kumkuta stendi mtoto aliyepotea, mkubwa wa kutosha kuvaa sare ya shule, na kila alipoulizwa anakaa wapi alisema "kwa mama". Nyumba yao ilikuwa na kibao cha namba pale pale mlangoni. Hakuna aliyewahi kumsomea.

Rai yangu ni kwamba tuanzie kwenye kibao hicho, kisha tupande. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na mitaa mingi ina majina kwenye nguzo. Msimbo wetu wa posta una tarakimu tano: ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, mbili za mwisho ni kata. Mtoto akiusoma kuanzia nyuma ametoka katani kwao hadi wilayani, mkoani na kwenye kanda. Kutoka hapo Tanzania si mbali, na Afrika inafuata.

Hapa Pangani tuna neema nyingine. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka kwetu, kwa hiyo mtoto yeyote aliyepita madrasa anaijua kaskazini, ila hajaambiwa kwamba anaijua. Akielekea kibla, bahari iko kulia kwake, mashamba ya mkonge kushoto, na mto uko mgongoni. Wenzake wa Kanisani watajifunza kwake kwa dakika moja tu. Na huo mto ni darasa tosha: maji yake yanaanzia Kilimanjaro na Meru, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanapita Korogwe, yanazungusha mitambo ya umeme Hale, ndipo yanafika kwetu na kumwagika Bahari ya Hindi. Mtoto anayejua hilo hatamtazama mtu wa Moshi kama mgeni, maana wanakunywa mto mmoja.

Wengi wanadhani tukishatoka duniani na kuingia angani, mazingira ya mtoto hayana tena kazi. Mimi naona hapo ndipo yanapotufaa zaidi. Mtoto wa mvuvi anajua bamvua na maji mafu tangu hajaanza shule. Anajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari inajaa sana na kupwa sana, na ngalawa inaachwa juu ya mchanga. Kilichobaki ni mwalimu kumwambia sababu: siku hizo Jua na Mwezi vimekaa mstari mmoja na Dunia, vinayavuta maji kwa pamoja. Mwezi ukiwa nusu, mivuto inapishana, ndiyo maji mafu. Mfumo wa jua wote uko pale ufukweni.

Halafu kuna mlingoti wa bendera. Mwanzoni mwa Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, Jua linapita juu ya utosi wetu hasa. Oktoba, mwalimu, litoe darasa nje muda mfupi baada ya saa sita mchana, watoto wauzunguke mlingoti. Kivuli kinanywea, kinanywea, mpaka kinaishia kwenye shina lake. Kila mtoto anatazama chini na kukuta amekikanyaga kivuli chake mwenyewe. Hapo mwambie kwamba mtoto wa London hawezi kuliona jambo hili kwao hata siku moja, na kwamba mwanga ule unaomchoma utosini umetoka kwenye Jua dakika 8 zilizopita. Nimeona watoto wakikaa kimya kwa habari hiyo, watoto ambao darasani huwezi kuwanyamazisha.

Usiku ni zamu ya wazazi. Miezi ya kusi, kati ya Juni na Agosti, usiku usio na mwezi, tandikeni mkeka uani na kuzima taa. Ule ukungu wa nyota unaopita juu ya minazi ndiyo galaksi yetu, na kitovu chake kiko umbali wa miaka ya mwanga kama 26,000, yaani mwanga wake husafiri miaka yote hiyo kutufikia. Kaskazi ikianza mtaona Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wazee wetu walikitazama kujua msimu wa kulima. Mwanga wake unaotufikia leo uliondoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita, katika karne ile ile Wareno walipojenga Ngome ya Yesu kule Mombasa.

Wapo walimu wenzangu watakaosema muda hautoshi na mtihani wa darasa la saba unasubiri. Nawaelewa, madarasa yamejaa na vitabu ni vichache. Lakini kivuli cha mlingoti hakihitaji kitabu, kinachukua kipindi kimoja, na swali la Jua la utosi mtoto hatalikosa tena maishani.

Nawaomba walimu wakuu waiweke Oktoba kwenye ratiba tangu sasa, na ofisi za kata ziwaruhusu watoto kuja kuangalia ramani za maeneo yao. Shule yoyote ya wilaya hii itakayohitaji msaada wangu siku hiyo, nitakuja.

Mwalimu mstaafu,
Pangani, Tanga