YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINE YA KUSAGIA NYAMA NAMBA 22

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya waranti yenu mnayajua, siyarudii.

Mashine mliyoniuzia tawi la Tabora haikati nyama, inaiponda. Laza kile kisu cha makali manne juu ya sahani ya matundu ya milimita 5, inyanyue dirishani: mwanga unapenya chini ya makali mawili. Hapo ndipo kano zinapopita bila kukatwa. Zinajisokota kwenye kisu, matundu yanaziba, nyama inapata joto, mafuta yanalainika, na kwa joto hili la Oktoba kinachotoka ni uji wa kijivu.

Nilipoirudisha, kijana wenu wa kaunta hakuigusa. Alipaza sauti, duka limejaa: "Mama, umefunga kisu kinyume. Mashine hizi si za wasiojua."

Ndugu Meneja, upande bapa wa kisu hutazama sahani, na ndivyo kilivyokuwa. Nyama ilikuwa steki, kano kubwa nimezitoa, vipande vya sentimita 3, imekaa friza mpaka kingo zikaanza kukakamaa. Nifanye nini zaidi? Na siku ya kwanza kabisa, baada ya kuiosha kwa maji ya moto na sabuni, kitambaa cheupe kilitoka na unga mweusi wa chuma. Kitambaa ninacho.

Narudia la kaunta, maana hilo ndilo linaloniuma. Mashine iko mezani, imefungwa kama ilivyosaga. Nilimwomba alegeze ringi inayobana sahani tu, atazame kisu kimeelekea wapi. Akaisogeza pembeni kwa kiwiko, akamhudumia mnunuzi wa sufuria aliyekuwa nyuma yangu. "Si za wasiojua." Mbele za watu!

Nilikuja kuomba kisu na sahani vinavyokaana, basi. Msiniletee fundi wa kunoa kisu. Sahani ikiwa imepinda, kunoa kisu peke yake ni kazi bure, vyote viwili husuguliwa bapa kwenye msasa uliotandazwa juu ya kioo. Sasa sitaki tena vipuri. Nataka fedha zangu zote, thamani ya kilo 6 za nyama zilizoharibika, na kijana huyo aniombe radhi pale pale kaunta, wateja wakiwepo.

Nawapa siku 7. Zikipita, kitambaa na risiti vinakwenda Shirika la Viwango (TBS), na nakala ya barua hii Tume ya Ushindani (FCC).

Wenu,
Mteja, Tabora